Bakuli la Macho

Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, mwaka uliotangulia vita vya Mdachi na Mwingereza, nilimpoteza binti yangu. Alikuwa na miezi kumi na mmoja. Alikuwa ameota meno manne, na alikuwa ameanza kusimama kwa kushika nguzo ya nyumba. Jina lake siliandiki. Kwetu jina la aliyekufa halitamkwi, na ingawa nimebatizwa na kufundishwa vingine, mkono umekataa.

Siku hizo sikujua Jumamosi wala Novemba. Nilihesabu baadaye, nilipojifunza kalenda misheni pamoja na kusoma na kuandika, nikiwa mtu mzima. Ilikuwa siku ya kugawa posho shambani, kwa hiyo ni Jumamosi. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa, na mlima ulikaa wazi tangu asubuhi mpaka jioni bila wingu hata moja.

Aliharisha siku tatu. Siku ya tatu akanyamaza, na mama mkwe wangu akadhani amepata nafuu. Mimi sikuwapo. Nilikuwa nimekaa huko juu shambani, jikoni kwa Mgiriki, namnyonyesha mtoto wa watu.

Nieleze nilivyofika jikoni humo. Sisi ni Waarusha wa upande wa magharibi wa mlima, lakini mume wangu alikuwa amepata kazi ya kuswaga maksai upande wa mto Usa, kwa Wameru, ambako Wazungu walikuwa wanafungua mashamba ya kahawa. Mwenye shamba hakuwa Mdachi. Alikuwa Mgiriki aliyekuja na reli kutoka pwani, akijenga madaraja, na reli ilipofika Moshi yeye akaendelea na safari mpaka mlimani kwetu. Wadachi walimhesabu kuwa Mzungu walipotaka kazi yake. Walipokaa kula hawakumwita.

Mkewe alijifungua mtoto wa kiume wakati wa baridi, mwezi wa Juni, kisha akashikwa na homa na maziwa yakakauka. Mgiriki akawauliza watu wake ni nani mwenye mke anayenyonyesha. Mume wangu akasema, wangu. Mimi sikuulizwa. Binti yangu alikuwa na miezi sita wakati huo, mama mkwe alikuwa anakaa nasi kunisaidia, na ilionekana jambo hilo linawezekana.

Siku ya kwanza nilimkuta mpishi. Alikuwa mtu wa Pangani, mwenye kofia nyeupe safi kuliko nguo yoyote niliyowahi kuiona, na ngozi niliyovaa haikumpendeza.

"Kaa pale mlangoni, mama. Hapo hapo. Usiguse kitu. Unanuka samli."

"Ni samli kweli," nikasema. "Ulitaka ninuke nini?"

Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu, lakini hilo nililiweza.

Akaingia mwanamke mzee aliyevaa nguo nyeusi toka kichwani mpaka miguuni, amembeba mtoto. Alikuwa mama yake mwenye shamba. Akaniwekea mtoto mapajani. Kilikuwa kitoto chembamba, chekundu, chenye kichwa kikubwa, na kililia kwa sauti ya aliyechoka kulia. Nikafanya linalofanywa kwetu na kila mtu anayeona mtoto mchanga mara ya kwanza. Nikamtemea mate kidogo utosini, nikasema kwa Kimaa, lugha yetu: kibaya hiki.

Mpishi aliangusha upawa.

"Umemtemea mate mtoto wa Mzungu! Toba! Mama, leo utachapwa viboko, na mimi nitachapwa kwa kukukaribisha!"

Yule mzee alinitazama. Kisha akainama juu ya mtoto akatema mara tatu, ftu, ftu, ftu, pale pale nilipotema mimi. Akamwuliza mpishi nimesema nini. Mpishi alikuwa ameelewa, maana alikuwa amekaa na sisi vya kutosha, na sasa alitamani asingeelewa.

"Anasema... anasema mtoto ni mbaya, bibi."

Mzee akacheka huku ameziba mdomo kwa mkono, kwa sababu meno yake yalikuwa machache.

"Ndiyo," akasema. "Mbaya. Mbaya sana. Mama huyu anajua."

Na mimi nikajua kwamba huyu, ingawa ametoka mbali ambako siwezi hata kuelekeza kidole, anaogopa kitu kile kile tunachoogopa sisi. Mtoto akisifiwa, kuna kinachosikia. Kikisikia, kinakuja. Kwa hiyo unamwita mbaya, unamtemea mate, na kinampita. Tangu siku hiyo nilimwita koko, yaani bibi kwa lugha yetu, naye akaitika.

Nilikuwa napanda shambani kila asubuhi na kushuka alasiri. Mtoto alinyonya mpaka mashavu yakajaa. Koko alikuwa akipika au kukamua jibini ya mbuzi katika kitambaa, na alizungumza muda wote. Kiswahili chake alikiokota humo humo jikoni kama mtu anayeokota kuni: alichokipata alikitumia, kiwe kimenyooka au kimepinda. Alinisimulia habari za wanawake wa kwao wa zamani.

"Mwanamke mmoja," alisema, "nywele yake nyoka. Wewe tazama yeye, wewe jiwe."

"Nyoka hao walikula nini?" nikamwuliza.

Nadhani hakuwahi kuulizwa. Alikoroga sufuria yake muda mrefu.

"Panya," akasema.

"Basi aje hapa," akasema mpishi. "Ghalani kuna kazi yake."

Alikuwapo mwingine aliyekaa penye mwamba, na kiunoni kwake walitoka mbwa wakawala watu waliopita. Walikuwapo wengine wenye mabawa ya tai na nyuso za wasichana, wanaonyakua chakula mezani na kuchafua kinachobaki. Hao sikuwapenda. Lakini niliona jambo moja, nikamwuliza kama walizaliwa hivyo.

"Hapana, hapana. Msichana mzuri. Wa nywele, nywele nzuri sana. Wa mbwa, msichana mzuri, anaoga majini. Halafu mwingine kaona wivu. Kamgeuza."

Kwetu pia kuna mazimwi, na watoto huyaogopa, lakini zimwi letu ni zimwi tangu mwanzo. Hakuna anayeuliza lilikuwa nani zamani. Wa kwake koko walikuwa binti za watu kwanza. Nilipokuwa nikishuka nyumbani niliwafikiria, na sikujua kwa nini.

Siku moja ya mwezi wa tisa alinisimulia habari ya Lamia. Alikuwa malkia, na alikuwa na watoto wengi. Mungu mkubwa wa huko alimpenda, na mke wa mungu huyo akaona wivu akawaua watoto wa Lamia wote. Lamia alilia mpaka uso ukageuka ukawa wa mnyama, na tangu hapo anatembea akiwachukua watoto wa wanawake wengine na kuwala.

"Halali," koko akasema. "Macho wazi. Usiku, mchana, anaona watoto wake wamekufa. Mungu mkubwa kamhurumia kidogo. Kidogo tu! Kamwambia, toa macho, weka bakuli, lala. Ukiamka, vaa macho."

Akachukua bakuli lake jeupe la bati lenye ukingo wa buluu, akajifanya anachomoa jicho moja, akaliweka humo, kisha la pili. Akalitikisa bakuli kana kwamba yanagongana. Mpishi akasema astaghafirullah, akatoka kwenda kuchanja kuni ambazo zilikuwa zimeshachanjwa.

Mimi nilicheka. Ninaandika kwamba nilicheka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Binti yangu alikuwa hai, nilikuwa nimemnyonyesha asubuhi kabla ya kupanda, na bakuli lile halikunihusu.

Siku hiyo hiyo aliniambia kwamba amezaa sita na kuzika wanne. Aliwahesabu kwa kukunja vidole. Nguo nyeusi ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya mumewe.

"Na wewe ulilala?" nikamwuliza.

"Kulikuwa na kondoo," akasema. "Kondoo lazima kukamua."

Sikuelewa hilo ni jibu la namna gani. Baadaye nilielewa.

Siku ile ya Novemba nilishuka mapema kidogo kwa sababu ya posho. Nilikuwa nimefunga sukari katika ncha ya kaniki niliyopewa na Mgiriki, na nilikuwa nafikiri kumlambisha binti yangu kidole. Mama mkwe alikuwa amekaa nje, si kwenye kigoda chake, chini kabisa. Aliponiona hakusimama. Mtoto alikuwa mapajani mwake, amefunikwa mpaka kichwani, na jua lilikuwa kali, na mtu hamfuniki mtoto hivyo juani.

"Alinyamaza," akaniambia. "Nikadhani amelala."

Wanaume walimchukua jioni hiyo, na sikuonyeshwa mahali. Ndivyo ilivyokuwa kwetu kwa watoto wadogo kabla misheni haijatufundisha kuweka misalaba. Mama mkwe alinivua hereni na shanga zote, akazifunga katika ngozi akaziweka juu ya dari.

Watu wamenifariji mara nyingi tangu hapo kwa kusema kwamba ni tumbo lililomwua, na tumbo liliwaua wengi mwaka ule. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba alfajiri nilimnyonyesha haraka nikiwaza njia ya kupanda, kwamba mchana wote maziwa yalikwenda kwa mwingine, na kwamba jioni alipata yaliyobaki. Mchana alinyweshwa uji mwepesi na maji ya mfereji. Sisemi maziwa yale yaliyokwenda kwa wengine ndiyo yaliyomwua. Sisemi pia kwamba hayakumwua. Sijui, na sitajua.

Siku nne nilikaa nyumbani. Matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe. Siku ya tano mume wangu akaja na habari kutoka juu: mtoto hataki maziwa ya mbuzi, analia tu, na bibi mzee anauliza nitarudi lini.

"Nenda," mama mkwe akasema. "Maziwa yatakuletea homa."

Nikapanda. Koko alinipokea mlangoni, akanishika uso kwa mikono miwili, akalia kidogo, nami nikasimama tu. Mpishi hakutania. Alinisogezea kigoda mwenyewe, akapangusa vumbi kwa kitambaa chake. Nikapewa mtoto.

Alinyonya kwa pupa, macho ameyafumba, mkono mmoja umeshika kidole changu. Nilimtazama mashavu. Yalikuwa manono, na nilijua yametoka wapi. Nikafikiri: kwa nini si wewe? Halikuja kwa ghafla likapita. Nililishika wazo hilo nikakaa nalo muda wote aliponyonya titi la kushoto, na nilipomhamishia la kulia nilikuwa nalo bado. Nilitamani angekufa yeye. Sijawahi kumwambia mtu wa misheni jambo hili, hata siku ya kubatizwa nilipoulizwa kuhusu dhambi zangu.

Mama wa mtoto alitoka chumbani akitembea kwa kushika ukuta, maana homa ilikuwa haijamwacha. Alipomwona mwanawe ameshiba na ametulia, uso wake ukafunguka, akasema kitu kwa lugha yao. Sikuhitaji mkalimani. Mama yeyote angesema vile: tazama alivyo mzuri.

Koko akatema pale pale mara tatu. Akanigeukia.

"Na wewe. Tema."

Sikutema.

Lazima nieleze hapa, kwa sababu ndipo kila kitu kilipoharibika. Kwetu mate hubeba yaliyo moyoni. Mzee mwenye moyo mtamu akikutemea, umebarikiwa. Lakini mwenye moyo mchungu akikutemea, ule uchungu ndio unaokupata, na hakuna dawa. Kwa hiyo mtu mwenye kinyongo na nyumba fulani haombwi kuwabariki watoto wao, na akiombwa atakataa, na kukataa kwake ni heshima. Mimi nilimkatalia mtoto yule mate yangu ili asidhurike. Lilikuwa jambo pekee jema nililoweza kumfanyia asubuhi ile.

"Tema," koko akarudia.

"Leo siwezi, koko."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema kinywa kimekauka. Nikasema kweli.

"Moyo wangu ni mchungu kwa huyu mtoto."

Alielewa kila neno. Lakini kwao mambo ni kinyume. Kwao anayetema anaondoa jicho baya, na mwenye jicho baya hukataa kutema ili libaki pale lilipotua. Mwanamke aliyefiwa na mtoto, anamwangalia mtoto wa mwingine, anakiri moyo wake ni mchungu, na anakataa kutema. Koko hakuhitaji kufikiri. Aliingiza kidole katikati ya titi na mdomo wa mtoto, akamchomoa, akarudi nyuma naye mpaka mgongo ukagusa kabati.

"Lamia," akasema. Hakusema kwa kelele. Alisema kama mtu anayemtambua mtu njiani.

Mpishi alikuwa amesimama na kisu na kitunguu. "Mama," akaniambia polepole, "tema tu, ukae na kazi yako. Mate ni nini? Mimi nitakutemea ukitaka!"

Nilijifunga nguo yangu iliyolowa maziwa nikashuka. Mtoto alilia nyuma yangu mpaka nilipovuka mfereji.

Nilimweleza mama mkwe yote, hata lile wazo. Alikuwa anapukuchua mahindi, na hakuacha kupukuchua.

"Si ungetema hata kwa uongo," akasema. "Mtoto ale, na wewe upumzike."

"Yeyo," nikasema, yaani mama, "wewe ungetema?"

Akachukua hindi jingine.

"La," akasema. "Nisingetema."

Akachana kaniki yangu vipande viwili, akanifunga kifua kwa nguvu mpaka nikashindwa kuvuta pumzi ndefu, ili maziwa yakauke.

Siku zilizofuata sikulala. Si kwamba nililala kidogo, sikulala. Nikifumba macho nilimwona mtoto wangu amesimama ameshika nguzo, na nguzo ilikuwapo pale pale, nikifumbua naiona. Ndipo nilipolifikiria bakuli. Sikulifikiria kama hadithi. Nilifikiria jinsi ambavyo ningeyachomoa, la kulia kwanza, jinsi ambavyo yangelia kwenye bati. Na nilifikiria kwamba yule malkia hakuwala watoto kwa njaa. Nilikuwa nimekaa na lile wazo, na halikuwa na njaa ndani yake. Nilimfahamu kuliko nilivyowafahamu majirani zangu.

Mume wangu alileta habari kila alipopitisha gari la maksai. Wamemleta mwanamke wa Kimeru, mtoto amemkataa. Wamejaribu maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, anatapika. Koko ametundika vitunguu saumu mlangoni na juu ya kitanda cha mtoto. Mgiriki anataka mimi niitwe, koko anasema nikiingia mle yeye atatoka na mtoto aende barabarani.

"Amekonda?" nikamwuliza.

"Amekonda."

Nilijiangalia moyoni nione kama nimefurahi. Siku ya kwanza alipojibu hivyo, sikuwa na huzuni. Siku ya pili, sikuwa na furaha. Hivyo tu. Kila asubuhi nilikwenda kuteka maji juu, penye mfereji wa shamba, ingawa mto ulikuwa karibu zaidi, na nilisimama hapo nikijipima kama mtu anavyopima uji kwa kidole. Bado moyo ulikuwa mchungu. Narudi na maji.

Siku ya kumi na mbili mvua ilinyesha usiku, na asubuhi mlima haukuonekana. Nilisimama penye mfereji nikamsikia mtoto analia jikoni. Hakulia kama zamani. Ilikuwa sauti ndogo, ya kukwaruza, yenye kukatika katikati, na niliitambua. Binti yangu alilia hivyo siku ya pili, kabla ya kunyamaza. Mwili wangu uligeukia huko kabla sijaamua. Nilifikiri: atanyamaza, na watadhani amelala.

Nikaacha kibuyu hapo kwenye majani nikaenda.

Koko alikuwa amekaa na mtoto mlangoni chini ya vitunguu saumu. Alikuwa amezeeka. Aliponiona alimfunika mtoto kwa shela yake nyeusi, lakini hakuinuka. Nadhani hakuwa na nguvu ya kuinuka. Nilisimama mbali, hatua kama kumi, mvua inaninyeshea.

"Koko," nikasema, "leo naweza."

Akanitazama. Mpishi alitoka akasimama nyuma yake.

"Moyo?" koko akauliza.

"Si mtamu. Unauma. Lakini kwa huyu mtoto si mchungu tena."

"Siku ile ulitaka afe?"

"Ndiyo."

Mpishi alishika kichwa. Koko aliinamisha uso. Kisha akaanza kuzungumza, polepole, kwa Kiswahili chake cha kuokota, na nitakiandika nilivyokisikia.

"Mimi pia. Zamani. Mtoto wangu wa tatu kafa. Jirani yangu kaja na mtoto, mnono, kaniambia, tema, koko. Hapana, siyo koko, mimi kijana wakati ule. Mimi sikutema. Nilimtazama hivi." Akanionyesha alivyomtazama, na nikatamani asingenionyesha.

"Akafa?"

"Hapana. Kakua. Kanenepa. Kawa mwizi wa kondoo."

Mpishi akacheka peke yake, akaziba mdomo.

Koko akafunua shela. Nikasogea. Mtoto alikuwa macho matupu na masikio, mashavu yale yamekwisha. Nikamtemea utosini, nikasema kibaya hiki, na sauti yangu ikatoka vibaya. Koko akatema mara tatu. Nikakaa kwenye kigoda kile kile, nikafungua vile vipande vya kaniki kifuani, nikampa.

Alinitambua. Alinyonya kwa nguvu zote zilizobaki. Yakatoka matone mawili matatu, kisha basi. Nikamhamisha upande wa pili, na huko hapakuwa na kitu. Alivuta, akavuta, akaachia akanitazama, akavuta tena. Siku kumi na mbili zilikuwa nyingi. Nilikuwa nimekuja na mate yangu, na maziwa yalikuwa yameshaondoka.

"Hakuna, koko," nikasema.

Alikwenda mekoni akarudi na bakuli lile la ukingo wa buluu, lina maziwa ya mbuzi yaliyochanganywa na maji ya moto, na kijiko kidogo. Akapiga magoti mbele yangu. Mtoto alikuwa bado amelishika titi tupu kwa mdomo, na koko akadondosha maziwa kwa kijiko juu ya titi, polepole, yakateremka mpaka mdomoni kwake. Akayameza. Koko akadondosha tena. Tulifanya hivyo mpaka magoti yake yakachoka na mpishi akamletea gunia la kupigia magoti. Maziwa mengine yalinimwagikia, mengine yalimwingia puani akapiga chafya. Nusu ya bakuli ilikwenda hivyo. Kisha nikaondoa titi, koko akaweka kijiko mdomoni moja kwa moja, na mtoto akanywa kwenye kijiko, akiwa mapajani mwangu, ananitazama mimi.

Hakutapika. Tulikaa tukisubiri atapike, sisi watatu, na hakutapika.

Bakuli lilipokwisha koko alilitua sakafuni mbele ya miguu yangu. Nililitazama. Lilikuwa tupu, na ndani palikuwa na utando mweupe wa maziwa. Hilo ndilo jambo la mwisho ninalokumbuka kuona, maana nililala pale pale, nimeegemea ukuta wa jikoni, mchana, mvua ikinyesha kwenye bati.

Nilipoamka mtoto hakuwa mapajani. Nilisikia kutoka chumbani kwamba analala, kwa pumzi zake. Mtu alikuwa amenifunika shela nyeusi. Bakuli lilikuwa limeoshwa na kuwekwa rafuni, limepinduliwa. Nikaikunja shela nikaiweka juu ya kigoda, nikatoka, nikachukua kibuyu changu kwenye majani penye mfereji. Kilikuwa kimejaa maji ya mvua. Nikakibeba nikashuka nacho nyumbani.